Kifaa cha Sauti Chumbani, na Chandarua Juu ya Kabati

Familia hii ina watu wanne: mume, mke, mtoto wao wa miaka mitatu, na bibi wa mtoto, mamake mume. Nyumba yao ina vyumba viwili vya kulala. Wazazi na mtoto wanalala kimoja, bibi analala cha pili. Majina yao sitayataja. Wameridhia kisa chao kielezwe, kwa sababu wanajua hawako peke yao.

Mbu waliwasumbua kila mvua zilipokuwa nyingi, na safari hii walizidi. Baada ya usiku mmoja mbaya kuliko mingine yote, mume alirudi nyumbani na kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, chenye kitaa cha buluu. Boksi lake lilisema kinatoa sauti ambayo binadamu hawezi kuisikia na mbu hawezi kuivumilia, na kwamba kimoja kinatosha chumba kizima. Walikichomeka jioni hiyo hiyo.

Haikuchukua muda mrefu wakaanza kuona nafuu. Mlio wa mbu sikioni ulipungua, na vipele mikononi mwa mtoto navyo vikapungua. Mtoto alikuwa akilalamika siku zote kuwa ndani ya chandarua kuna joto, na sasa wazazi hawakuona sababu ya kumlazimisha. Chandarua kikakunjwa, kikawekwa juu ya kabati. Bibi alipoambiwa akunje na chake alikataa. Mke anayakumbuka maneno yake: “Mwanangu, hicho kidude mimi sikisikii, na sijui kama mbu wanakisikia. Chandarua nakiona.”

Mbu walirudi. Mume alidhani kifaa kimoja kimezidiwa, akanunua cha pili na kukichomeka upande wa pili wa chumba. Hali haikubadilika. Kisha mtoto akashikwa na homa. Walimpeleka kupimwa bila kuchelewa, damu ikaonyesha malaria, akapewa dawa akapona. Mtoto alipoanza kucheza tena, mke aliniuliza swali ambalo ndilo kiini cha uchambuzi huu: kile kifaa kiliharibika, au hakikuwahi kufanya kazi?

Hakikuwahi kufanya kazi. Lakini jibu hilo likiachwa hivyo halimsaidii mtu aliyeshuhudia mbu wakipungua ndani ya chumba chake. Wazazi hawa ni watu makini, na walichokiona walikiona kweli. Mbu walipungua. Mimi nafanya kazi ya udhibiti wa mbu, na nimejifunza kutombishia mtu juu ya alichokiona chumbani mwake. Linalobaki ni kutafuta kilichowapunguza.

Mambo yaliyobadilika wakati ule ule

Nilimwomba mume anitolee karatasi ya maelekezo iliyokuja na kifaa. Vifaa vya aina hii karibu vyote huja na karatasi kama hiyo, na ninamshauri yeyote aliye nacho aisome upya kwa utulivu. Ya kwao iliagiza madirisha na milango ifungwe kabla ya giza kuingia, ili mbu wapya wasiingie wakati kifaa kinawafukuza waliomo. Iliagiza maji yaliyotuama karibu na nyumba yamwagwe. Iliagiza kifaa kiwekwe mahali pasipo na samani mbele yake. Na ilimtaka mtumiaji asubiri wiki mbili hivi kabla ya kuhukumu.

Walifuata yote. Mume ndiye aliyemwaga maji ya ndoo za nyuma ya nyumba na kuyageuza makopo yaliyokuwa yamejaa mvua. Mke ndiye aliyeanza kufunga madirisha mapema, na alipogundua kuwa wavu wa dirisha moja umetoboka akaushona.

Hebu tuyaangalie hayo bila kifaa. Yai la mbu, kwenye joto la kutosha, huwa kiluwiluwi, kisha bundo (pupa), kisha mbu mwenye mabawa, na safari yote hiyo huchukua takriban siku saba hadi kumi na nne. Anayemwaga maji leo haoni tofauti kesho, kwa sababu mbu wazima tayari wako hewani. Tofauti huanza kuonekana baada ya wiki moja au mbili, wale wazima wanapokufa na wengine hawazaliwi kushika nafasi zao. Yaani muda ule ule ambao karatasi imemwambia mnunuzi asubiri. Mume akimwaga maji na kuchomeka kifaa siku moja, atakapoona nafuu sifa itakiendea kile chenye kitaa cha buluu. Ndoo iliyopinduliwa haina taa.

Madirisha yaliyofungwa kabla ya giza nayo yana uzito wake. Mbu waenezao malaria, wa jamii ya Anopheles, wengi wao huingia nyumbani kuanzia jioni na kuuma usiku. Kuziba njia yao saa hiyo ni kinga ya kweli, na haihitaji umeme.

Halafu mvua. Hakuna anayenunua kifaa cha mbu usiku ambao mbu ni wachache. Hununuliwa katika kilele cha kero, baada ya usiku usiolalika, na baada ya kilele njia ya kawaida ni kushuka. Idadi ya mbu hupanda na kushuka wiki kwa wiki kufuata mvua, joto na upepo. Mtu akichukua hatua yoyote ile kwenye usiku mbaya kuliko yote, hata akiweka jiwe dirishani, kuna uwezekano mkubwa kwamba usiku utakaofuata utakuwa bora, na jiwe litasifiwa. Katika kisa hiki mvua zilikatika muda mfupi baada ya kifaa kuchomekwa. Mbu waliporudi, mvua zilikuwa zimerudi, na ndoo zilikuwa zimejaa tena kwa sababu hakuna aliyeziangalia.

Jambo zito kuliko yote, hata hivyo, lilisemwa na bibi, na alilisema kama la kupita tu. Nilimuuliza chumbani kwake hali ilikuwaje kipindi kile. Akanijibu kuwa hata kwake mbu walipungua, hata mlio nje ya chandarua ulikuwa hausikiki. Chumbani kwake hapakuwa na kifaa chochote. Nyumba moja, wiki zile zile, chumba kimoja kina kifaa na kingine hakina, na vyote viwili vikapata nafuu pamoja. Baadaye mbu walirudi kwenye vyote viwili pamoja.

Mume alisema huenda sauti ilikuwa inafika hadi kwa mama. Ni hoja inayostahili kujibiwa, na jibu lake liko katika tabia ya sauti yenyewe.

Sauti hiyo inafika wapi, na nani anaisikia

Binadamu mwenye masikio mazuri husikia sauti za kuanzia takriban hezi 20 hadi hezi 20,000, yaani mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Vifaa hivi vinatangazwa kuwa vinafanya kazi juu ya kikomo hicho, baadhi hadi hezi 60,000 na zaidi. Sauti za juu namna hiyo ni dhaifu kwa safari. Kwenye hezi 40,000 hewa yenyewe huipunguza sauti kwa zaidi ya desibeli moja (kipimo cha ukubwa wa sauti) kila mita, mbali na inavyopungua kwa kutawanyika. Haipenyi ukuta. Godoro, pazia na nguo zilizotundikwa huimeza, na nyuma ya kabati hubaki kivuli ambamo haifiki kabisa. Kwa hiyo haikufika kwa bibi. Hata katika chumba cha wazazi, nyuma ya kabati na chini ya kitanda, mahali mbu wanapopenda kutulia, haikufika ipasavyo.

Tuseme basi imefika. Je, mbu anaisikia?

Mbu ana usikivu wa ajabu, na hili ndilo linalowafanya watu waamini vifaa hivi kwa urahisi: wamesikia kuwa mbu huwasiliana kwa sauti, na ni kweli. Sikio lake liko kwenye papasi, vile vipembe viwili vyenye manyoya kichwani. Manyoya husukumwa na hewa inayotikiswa na sauti, na mtikisiko huo husomwa na kiungo kilichoko kwenye shina la papasi, ambacho daktari Mmarekani Christopher Johnston alikieleza mwaka 1855 na ambacho mpaka leo kinaitwa kwa jina lake. Dume ana chembe za neva zipatazo 15,000 katika kiungo hicho, jike karibu nusu yake. Kwa mdudu wa ukubwa ule, ni utajiri mkubwa.

Lakini utajiri huo umewekezwa kwenye sauti za chini. Jike wa Aedes aegypti, mbu aenezaye homa ya dengi, hupiga mabawa karibu mara 400 kwa sekunde, na dume karibu mara 600. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba dume na jike wanapokutana hewani hurekebisha mipigo ya mabawa yao hadi mitetemo ya juu inayoambatana na milio yao inakutana kwenye hezi 1,200, na kwamba masikio yao hupokea hadi kama hezi 2,000. Ugunduzi huo uliwashangaza wengi, kwa kuwa kabla yake ilidhaniwa kuwa mbu hasikii juu hivyo. Sasa pima: kikomo hicho kilichoshangaza ni hezi 2,000, na kifaa kinaanzia 20,000. Sikio la kupokea sauti hiyo mbu hana.

Watengenezaji hutoa maelezo mawili ya jinsi kifaa kinavyofanya kazi, na yote mawili mume alikuwa ameyasikia. La kwanza ni kwamba kifaa kinaiga mlio wa dume, na jike aliyekwisha kupandwa humkimbia dume. Kama kingekuwa kinaiga mlio wa dume, basi kingelia kwenye hezi mia sita au mia saba, na kila mtu chumbani angekisikia. Mlio wa mabawa ya mbu sisi sote tunausikia. Sauti isiyosikika na binadamu haiwezi kuwa mlio wa dume. Zaidi ya hapo, jike asiyetaka kupandwa humpiga dume mateke. Kumkimbia dume hadi aache damu anayoihitaji kwa mayai yake ni tabia ambayo haijaonyeshwa.

La pili ni kwamba kifaa kinaiga popo, ambao huwinda kwa sauti za juu na hula wadudu warukao. Maelezo haya yana mizizi katika jambo la kweli: nondo wengi wana masikio maalumu ya kumsikia popo, na wakimsikia hujitupa chini au kukata kona. Mbu hana sikio la namna hiyo. Kilichokopwa kwa nondo kimeuzwa kwa jina la mbu.

Kuna kisa cha zamani ninachopenda kuwaeleza watu wanaoniuliza kama sauti inaweza kumgusa mbu hata kidogo. Mwaka 1878 mvumbuzi Hiram Maxim alikuwa akifunga taa za umeme katika hoteli moja huko Saratoga Springs, katika jimbo la New York. Aliona wadudu wakikusanyika kwenye kifaa kimoja kilichokuwa kikitoa mlio mwembamba, na alipowachunguza akakuta ni mbu madume. Walikuwa wanadhani wameitwa na jike. Sauti humgusa mbu, basi, lakini iwe sauti ya chini, inayosikika, na iliyomgusa siku ile ilimvuta badala ya kumfukuza. Tena aliyevutwa ni dume, ambaye hafyonzi damu ya mtu.

Jike anayemtafuta binadamu gizani hafuati sauti. Anafuata hewa ya kabonidioksidi tunayoitoa kwa pumzi, ambayo huihisi kutoka mita nyingi, kisha harufu ya ngozi, na akishakaribia, joto la mwili. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoguswa na kifaa kilichoko kwenye soketi. Mtoto aliyelala anapumua, ananuka jasho, ana joto, kifaa kiwake kisiwake.

Majaribio yanasema nini

Mtu anaweza kusema nadharia ni nadharia, na huenda mbu anaudhiwa na sauti hiyo kwa njia ambayo hatujaielewa. Ni haki kusema hivyo. Ndiyo maana majaribio ya uwanjani yana uzito kuliko maelezo yote niliyotoa hapo juu.

Mwaka 2007 Ahmadali Enayati, Janet Hemingway na Paul Garner walichapisha kupitia Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za afya, tathmini iliyokusanya majaribio yote ya uwanjani yaliyostahili kuaminiwa. Yalikuwa kumi, na miongoni mwake yamo yaliyofanyika Gambia na Gabon, mahali ambapo mbu wa malaria ni jambo la kila usiku. Njia ilikuwa ile ile ngumu na ya uaminifu: watu wanakaa na ngozi wazi, kifaa kikiwashwa na kikizimwa, na mbu wanaotua wanahesabiwa. Hakuna jaribio hata moja lililoonyesha kwamba kifaa kinapunguza mbu wanaotua. Katika majaribio madogo 15 yaliyomo ndani ya tafiti hizo, 12 yalikuta waliotua ni wengi zaidi kifaa kikiwashwa. Waandishi walihitimisha kuwa vifaa hivi havina msingi wa kupendekezwa, na wakashauri kusifanyike hata utafiti zaidi juu yake. Katika tathmini za kisayansi, ambazo kwa desturi humalizia kwa kuomba utafiti zaidi, hilo ni tamko zito.

Miaka mitatu baadaye, Carlos Fernando Andrade na Isaías Cabrini wa Brazil waliwaweka Aedes aegypti maabara pamoja na vifaa vya namna hii, wakaona mbu wanauma zaidi kikiwashwa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la New Mexico walijaribu vifaa vya kuvaliwa pamoja na dawa za kunyunyizia. Cha sauti hakikupunguza chochote. Kwa upande wa sheria, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliwaandikia mwaka 2001 watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vifaa vya sauti vya kufukuzia wadudu na panya, ikiwaonya kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi wa kisayansi.

Mume aliuliza kuhusu programu za simu zenye madai hayo hayo. Hizo zina udhaifu wa ziada: spika ya simu imetengenezwa kwa ajili ya masikio ya binadamu, na sauti za simu nyingi hurekodiwa kwa kiwango ambacho hakiwezi kubeba chochote juu ya hezi 22,000. Simu haina hata uwezo wa kutoa kile inachodai inatoa. Akauliza pia kuhusu kunguni, kwa sababu boksi lilikuwa na picha zao. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northern Arizona walijaribu vifaa vinne vya dukani kwa kunguni, na kunguni hawakujali.

Jaribio la nyumbani

Pamoja na yote hayo niliona mume hajaridhika, na sikumlaumu. Tafiti za Gabon na Brazil si chumba chake. Nikawapendekezea wajipime wenyewe, kwa sharti moja nililolisisitiza: kila mtu alale ndani ya chandarua chenye dawa usiku wote wa jaribio. Hakuna sababu ya mtu kujitoa chambo ili kujua jambo ambalo linaweza kujulikana kwa njia salama.

Tatizo la vipimo vya nyumbani ni kwamba mtu akijua kifaa kinawaka, anasikia mbu wachache. Akijua kimezimwa, kila mguso wa shuka ni mbu. Na vipele si kipimo kizuri, maana uvimbe ni mwitikio wa mwili kwa mate ya mbu, na miili haifanani. Wapo wanaoumwa usiku kucha wasivimbe popote. Kwa hiyo kitaa cha buluu kilifunikwa kwa karatasi nyeusi ya gundi, huku upande wa spika ukiachwa wazi. Kifaa kikachomekwa kwenye waya wa ekstensheni uliopita chini ya mlango hadi kwenye soketi ya ukumbini. Bibi akapewa usimamizi. Kila jioni alirusha sarafu peke yake, akawasha au akazima kulingana na upande uliotokea, akaandika kwenye daftari lake, asimwambie mtu. Asubuhi na mapema, kabla madirisha hayajafunguliwa, mume na mke walipita kutani, nyuma ya kabati na chini ya kitanda kwa tochi, wakahesabu mbu waliotulia na kuandika kwenye daftari lao. Madirisha yalifungwa saa ile ile kila siku, na maji ya nje yaliachwa vile vile yalivyo mpaka jaribio liishe.

Nilipenda sana kwamba bibi ndiye aliyeshika siri. Aliifanya kazi hiyo kwa umakini ambao baadhi ya wanafunzi wa maabara wangeuonea wivu, na alikataa kata kata mwanawe alipomwomba dokezo.

Madaftari yalipofunguliwa pamoja, hesabu za usiku wa kuwasha na za usiku wa kuzima zilichanganyika kabisa. Usiku wenye mbu wengi kuliko wote kifaa kilikuwa kinawaka. Uliofuatia kwa wingi kilikuwa kimezimwa. Kilichoendana na idadi ya mbu ni mvua: siku kadhaa baada ya kila mvua kubwa namba zilipanda. Jaribio la nyumba moja haliwezi kuthibitisha jambo kwa dunia nzima, wala halikukusudiwa hivyo. Lilikusudiwa kumjibu mtu mmoja kuhusu chumba chake, na lilimjibu.

Homa ya mtoto

Mke aliniuliza moja kwa moja kama kifaa ndicho kilichomsababishia mwanawe malaria. Hapa nilijitahidi niseme kile tu kinachoweza kusimama. Malaria ya aina ya Plasmodium falciparum kwa kawaida hujitokeza siku saba hadi kumi na nne baada ya kuumwa, na homa ya mtoto ilikuja wakati chandarua kilikuwa kimekaa juu ya kabati kwa muda mrefu kuliko huo. Mpangilio wa wakati unakubaliana. Lakini mtoto huyu alikuwa pia akicheza nje jioni, na hakuna anayeweza kumtambua mbu mmoja kati ya wengi.

Ninachoweza kusema bila kusita kinahusu chandarua. Tathmini ya Cochrane ya mwaka 2018, iliyokusanya majaribio makubwa, inaonyesha kwamba vyandarua vyenye dawa hupunguza vifo vya watoto kutokana na sababu zote kwa asilimia 17 hivi, na hupunguza matukio ya malaria ya falciparum isiyo kali kwa karibu nusu. Hiyo ndiyo kinga iliyokunjwa. Kifaa cha sauti chenyewe hakiumi wala hakiambukizi. Kilichofanya ni kuwapa wazazi uhakika ambao hakikuwa nao, na kwa uhakika huo wakaondoa kitu kilichokuwa kinafanya kazi. Ninapofikiria vifaa hivi vinavyouzwa kwa wazazi wenye watoto wadogo, hili ndilo linalonikera zaidi, na sioni sababu ya kulisema kwa upole.

Mume alitaka kujua kama kuna ubaya wa kuviacha vifaa vikiwaka sambamba na chandarua, kwa kuwa vimeshanunuliwa. Nilimshauri avitoe. Kitaa cha buluu kinachowaka usiku kitaendelea kusema “mnalindwa,” na siku ya joto kali mtu atakisadiki tena.

Maana tatizo la mwanzo kabisa la nyumba hii lilikuwa joto. Mtoto hakukipenda chandarua kwa sababu alitokwa jasho ndani yake, na kila suluhisho lisilogusa joto lingeishia pale pale juu ya kabati. Tukaanza na hapo. Kitanda kilisogezwa kutoka pembeni, na chandarua kikatundikwa juu zaidi ili kisimlalie mtoto usoni, kwa sababu ngozi inayogusana na wavu huumwa kupitia matundu yake. Feni iliyokuwa sebuleni ikaletwa chumbani na kuelekezwa kitandani. Feni ina faida mbili hapa. Inapooza, na inapunguza mbu: utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kuwa upepo wa feni hupunguza mbu wanaomfikia mtu, na sababu kubwa ni kwamba unatawanya na kuzimua ile hewa na harufu zinazomwongoza mbu, zaidi hata ya kumshinda nguvu anaporuka. Haichukui nafasi ya chandarua, ila inafanya kulala ndani yake kuvumilike.

Kwa saa za jioni, kabla ya kulala, mtoto anapakwa dawa ya ngozi yenye DEET, kemikali ya kufukuza mbu, kwa kiwango kilichoandikwa kuwa kinafaa watoto, mikononi na miguuni, si viganjani wala karibu na macho. Maji ya ndoo na makopo yanamwagwa mara moja kila wiki, siku maalumu, kwa sababu kwa kawaida wiki moja ni fupi kuliko muda ambao yai huchukua hadi kuwa mbu anayeruka. Bibi ndiye anayekumbusha.